Hewa ya Chajnantor kwenye kompyuta ya Katuba

Picha ya kwanza niliyoitoa ilikuwa na ukungu, na nilikuwa nimeihangaikia wiki tatu. Data, za darubini ya ALMA, nilizipakua kwa mega za usiku, kipande kwa kipande. Nilianza saa tano usiku mama akishalala, simu nimeiweka juu ya dirisha ambako mtandao unashika. Kompyuta niliiazima kwa shemeji yangu, nikaweka Linux, kisha nikaweka CASA, programu ya bure wanayotumia wanaastronomia wa redio kuchambua data za ALMA na VLA, darubini mbili kubwa za redio zenye antena nyingi. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa fizikia hapa Lubumbashi, nikikaa mtaa wa Katuba. Tasnifu yangu ilihusu TW Hydrae, nyota changa ambayo bado imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 195 kutoka kwetu. Miongoni mwa sahani za namna hiyo, ambamo sayari huzaliwa, hii ni ya karibu sana.

Nilitarajia duara lenye ukingo unaosomeka. Kilichotoka ni doa lililovimba, na pembeni yake mistari-mistari na vivuli, kimoja cheupe kimoja cheusi, kama maji ya beseni lililopigwa teke. Nikajua nimekosea mahali. Sikujua ni wapi.

Nikafanya kile ambacho, nadhani, kila mwanafunzi hukifanya: nikaendelea kuisafisha. Katika kazi hii kuna hatua inayoitwa kusafisha, iliyobuniwa na Högbom mwaka 1974. Kwa kuwa antena hazijazi uwanja mzima, picha ghafi huja na alama za mapengo yaliyo kati yake. Kompyuta inatafuta nukta inayong'aa zaidi, inaiondoa pamoja na alama zake, inatafuta inayofuata, hivyo hivyo mara maelfu. Nilisafisha mara elfu moja, mara elfu tano, mara elfu ishirini. Umeme ukikatika naanza upya. Ile mistari haikutoka. Mingine ikageuka kuwa vinyota vidogo vya uongo, kwa sababu kompyuta iliamini kwamba navyo ni vitu halisi vya mbinguni.

Baada ya siku mbili nikaenda Kasapa, kwenye chuo kikuu, kumwonyesha profesa wangu. Aliitazama picha kwa muda mfupi sana, akauliza swali moja tu: "Fezi umeziangalia?"

Sikuwa nimeziangalia. Nilikuwa nimekimbilia picha.

Nieleze hapa fezi ni nini, maana bila hiyo mengine yote hayaeleweki. Darubini ya redio ya aina hii si sahani moja kubwa. Ni antena nyingi zinazofanya kazi mbili mbili. Wimbi kutoka kwenye nyota linaifikia antena moja mapema kidogo kuliko mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayosema kitu kiko upande gani wa mbingu. Tunaipima kwa digrii: wimbi likichelewa kwa urefu wake mzima, fezi imezunguka digrii 360. Kila jozi inatoa kipimo chake. VLA kule New Mexico ina antena 27, kwa hiyo jozi 351. ALMA, iliyoko kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya bahari, ina antena 66. Picha inatoka kwa kukusanya vipimo vya jozi zote. Ukubwa wa kipimo unasema kitu kinang'aa kiasi gani, fezi inasema kiko wapi. Fezi zikivurugika, kompyuta inaweka mwanga mahali pasipo pake, na hakuna kusafisha kutakakourudisha.

Data zangu zilikuwa za mawimbi ya karibu milimita 0.8. Hiyo ni chini ya unene wa sarafu. Kwa hiyo kitu chochote kinachoichelewesha njia ya antena moja kwa nusu tu ya urefu wa wimbi hilo, na mwenzake hakikuichelewesha, kimegeuza fezi kinyume kabisa. Basi swali likawa: nani anachelewesha?

Hapo nilipotea siku mbili nyingine kwa sababu ya kaka yangu. Yeye ni mpimaji ardhi mgodini, anatembea na kipokezi cha GPS kila siku ya Mungu. Nilipomweleza, alijibu bila kufikiri: "Mudogo, ile njo ionosfia tu. Sisi na GPS kila mangaribi inatusumbua."

Na kweli inawasumbua. Ionosfia ni tabaka la juu la hewa ambalo jua limelivunja, elektroni zimeachana na atomu. Ukanda wetu huu wa tropiki, baada ya jua kutua, hewa hiyo hutokota. Mapovu yenye elektroni chache hupanda katikati ya nyingi, na ishara za setilaiti zikipita humo hutetemeka. Kipokezi cha yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, kinapoteza namba zake wakati mwenzake wa mchana anazipata bila shida. Nilimwamini, nikaanza kutafuta jinsi ya kuondoa ionosfia kwenye data zangu. Kama ningekaa chini na kalamu kwanza, nisingepoteza siku hizo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Elektroni za ionosfia zinahesabiwa katika nguzo yenye kitako cha mita moja ya mraba, kutoka ardhini mpaka juu. Kipimo kimoja cha hesabu hiyo ni elektroni trilioni 10,000. Kwa GPS, kwenye masafa ya megahezi 1,575.42, kipimo kimoja kinaichelewesha ishara kwa sentimita 16 hivi. Ndiyo maana yaya analia. Lakini athari hiyo inapungua kwa mraba wa masafa. Data zangu zilikuwa kwenye gigahezi 370 hivi, mara 235 juu ya GPS, na 235 mara 235 ni zaidi ya 55,000. Zile sentimita 16 zinabaki kuwa kama milimita 0.003, yaani digrii moja na kidogo. Fezi zangu zilikuwa zinaruka digrii mia. Ionosfia haikuhusika. Nilimpelekea yaya karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaniambia sawa, basi tafuta mwizi mwingine.

Mwizi nilimwona nikiwa nyumbani. Ilikuwa Januari, mvua imetoka kukatika, mama amewasha mbabula, jiko letu la makaa, barazani ili apike bukari, yaani ugali. Nilikaa upande mmoja wa mbabula. Upande wa pili kulikuwa na geti letu la bati lenye misumari iliyopangwa kwa mstari. Kabla sufuria haijawekwa, nikiangalia misumari juu ya makaa, ilikuwa inacheza. Kila msumari ulikuwa unayumba peke yake. Misumari miwili iliyo karibu iliyumba pamoja, kama wanaoshikana mikono. Ya mbali haikusikilizana kabisa, mmoja ukienda kushoto mwingine unaenda kulia. Nikakaa pale mpaka mama akauliza, "Unaangalia nini vile?"

"Hewa, mama."

"Hewa inaonekanaka?"

Nikamwita aje aone misumari. Aliinama, akaona, akacheka, akaweka sufuria. Lakini mimi nilikuwa nimepata kitu: karibu zinayumba pamoja, mbali kila mmoja na lake. Hiyo ndiyo tabia ya hewa yenye misukosuko, ambayo Mrusi Kolmogorov aliiwekea hesabu mwaka 1941. Kadiri vitu viwili vinavyoachana, ndivyo tofauti ya hewa iliyo juu yao inavyokua. Kama ukungu wa picha yangu ulitoka hewani, basi jozi za antena zilizo karibu zingekuwa tulivu na zilizo mbali zingekuwa zinaruka. Kama kosa lilikuwa langu katika programu, jozi zote zingekuwa na ugonjwa sawa.

Usiku ule nilichora fezi dhidi ya muda, jozi moja moja, kwa kile chanzo cha kulinganishia. Nitakieleza mbele kidogo hicho chanzo. Antena mbili zilizokaribiana zilitoa mstari karibu ulionyooka. Jozi ya wastani ilipanda na kushuka polepole. Jozi ya mbali kabisa ilikuwa kama njia ya mtu aliyelewa, inapanda, inarudi, inaruka. Nilizichora pia kwenye daftari kwa mkono, mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, maana nilitaka kuziona hata umeme ukienda. Daftari hilo bado ninalo.

Kwa mwanga wa macho, kama ule wa misumari, kinachoyumbisha ni hasa tofauti za joto. Kwa redio mwenye makosa makubwa ni mvuke wa maji. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, na wimbi la redio linapopita linaishika na kuigeuza. Kwa sababu hiyo mvuke unaichelewesha redio takribani mara 20 kuliko unavyouchelewesha mwanga. Hewa kavu nayo inachelewesha, tena sana, kama mita 2.3 kwa kitu kilichoko utosini ukiwa usawa wa bahari, lakini imetulia, inabadilika polepole. Mvuke haukutandazwa sawasawa. Uko kwa mafungu, kama moshi wa mbabula, na upepo unayaburuta mafungu hayo juu ya antena.

Namba iliyonifungua macho ni hii: mvuke wote uliomo katika nguzo ya hewa ukigeuzwa ukawa maji ya kina cha milimita 1, njia ya redio inarefuka kwa zaidi ya milimita 6. Fikiria sasa antena mbili za ALMA, juu ya moja kuna mvuke uliozidi wa mwenzake kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Njia imerefuka milimita 0.63. Kwa wimbi la milimita 0.8, hiyo ni digrii 280, robo tatu ya mzunguko, kwa sababu ya maji ambayo yasingelowesha hata kidole. Lubumbashi mwezi wa Januari tuna makumi ya milimita juu ya vichwa vyetu. Chajnantor, kwa kuwa mvuke mwingi unabaki chini, kilomita mbili za kwanza, mara nyingi wana milimita moja hivi. Ndiyo maana walipanda hadi mita 5,000, mahali ambapo mtu anavuta pumzi kwa shida. Na bado ile moja inatosha kuharibu.

Yaya alikuwa na dawa yake kwa ionosfia: kipokezi cha masafa mawili. Kwa kuwa ionosfia inachelewesha masafa ya chini zaidi ya yale ya juu, ukilinganisha megahezi 1,575.42 na 1,227.60 unaipata na kuitoa. Nilijaribu kufikiri kama naweza kufanya hivyo hivyo kwa mvuke. Haiwezekani, kwa sababu mvuke unayachelewesha masafa ya redio karibu sawasawa, hauachi tofauti ya kushika. ALMA walipita njia nyingine. Kila antena yao ya mita 12 ina radiomita inayoangalia upande uleule antena inakoangalia, kwenye gigahezi 183, ambako mvuke wenyewe unang'aa. Mvuke ukiongezeka, mng'ao unabadilika, na kutoka hapo wanajua njia imerefuka kiasi gani, sekunde kwa sekunde. Data zangu zilikuwa zimeshapita hatua hiyo. Ina maana kwamba nilichokiona mimi ni mabaki, baada ya sehemu kubwa kuondolewa. Sijui ningefanya nini na data za kabla ya hapo.

Sasa kile chanzo cha kulinganishia. Huwezi kuiambia TW Hydrae ikae nukta ili uone hewa imefanya nini. Kwa hiyo darubini inageukia kitu kingine kilicho jirani yake angani, kwa kawaida kwasa, yaani kiini king'avu cha galaksi, ambayo iko mbali mno kiasi kwamba inaonekana nukta tupu. Nukta iliyo katikati inapaswa kuwa na fezi sifuri kwenye kila jozi. Chochote kisicho sifuri ni hewa au mitambo. Unaiangalia kwasa, unarudi kwenye nyota, unarudi kwenye kwasa, unarudi kwenye nyota, na katikati unakisia kwa kuunganisha nukta.

Hapo ndipo nilipoelewa ukungu umeingilia wapi. Katika data zangu kulikuwa na dakika kadhaa kati ya mwangalio mmoja wa kwasa na unaofuata. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao si mkali, ndani ya dakika saba unasafiri kilomita nne na zaidi. Antena zangu zilikuwa zimetawanyika ndani ya mita mia chache tu. Kwa hiyo hewa niliyoipima wakati wa kwasa ilikuwa imeshaondoka yote, imekuja nyingine, imeondoka nayo, kabla sijarudi kupima tena. Na tena kwasa na nyota hazikai mahali pamoja. Njia zake mbili zinapita kwenye mafungu tofauti ya mvuke. Kuunganisha nukta kunatoa kile kinachobadilika polepole. Yale ya haraka yanabaki, na yalikuwa yamebaki kwenye picha yangu.

Dawa iliyobaki ni kuifanya nyota yenyewe ijisawazishe. Nilipoisoma mara ya kwanza ilinitia mashaka, ilionekana kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Ilinibidi nielewe kwanza pembetatu. Chukua antena tatu, jumlisha fezi za jozi zake tatu kwa mzunguko. Hewa iliyo juu ya antena ya kwanza imeongezwa kwenye jozi moja na imepunguzwa kwenye nyingine, inajifuta. Vivyo hivyo ya pili na ya tatu. Kinachobaki ni cha nyota peke yake, hewa iwe mbaya namna gani. Roger Jennison alilionyesha hilo mwaka 1958. Hapo nikatulia. Hewa inaharibu antena moja moja, lakini vipimo vyetu ni vya jozi, na jozi ni nyingi kuliko antena: ukiwa na antena 27 huna cha kutafuta isipokuwa fezi 26, ukilinganisha na moja uliyoichagua, na una vipimo 351 vya kukusaidia. Vinavyozidi ndivyo vinavyobeba habari za nyota.

Basi nikafanya. Unachukua picha uliyonayo, mbaya vilevile, unaisafisha kidogo tu na kubakiza kile ambacho hakuna anayeweza kukikataa, unaiambia kompyuta: kama mbingu ndiyo hii, hewa juu ya kila antena ilikuwaje? Inakupa fezi, unazitoa, unachora picha upya, unarudia. Swali kubwa ni kila muda gani umwulize. Hewa inabadilika haraka, nikawaza, kwa hiyo niulize kwa haraka kadiri inavyowezekana. Nikaweka sekunde 6, mwendo uleule ambao data ziliandikwa.

Picha iliyotoka ilikuwa nzuri ajabu. Katikati pakali, pembeni pameng'aa kwa weusi, mistari imekwisha. Nilimwamsha mama kumwonyesha. Kesho yake nikaipeleka kwa profesa, naye hakufurahi kama nilivyotegemea. Alisema, "Sasa ipe kelele tupu, uone itakupa nini."

Nilirudi nyumbani nikafanya hivyo, na nataka kila anayeanza kazi hii afanye kwa mikono yake, asisome tu. Niliondoa vipimo vyote vya nyota, mahali pa kila kimoja nikaweka namba ya kubahatisha, isiyo na kitu ndani yake. Nikachora picha: mchanga mtupu, hakuna nyota. Kisha nikaiambia kompyuta kwamba katikati kuna nukta moja, nikamwambia atafute fezi kila sekunde 6. Nikachora tena. Katikati ya mchanga kulikuwa na nyota. Ndogo, ya mviringo, safi. Kompyuta ilikuwa imezigeuza kelele zote kidogo kidogo ziangalie kule nilikoiambia ziangalie, mpaka zikajenga kitu ambacho hakipo. Niliiangalia nyota ile kwa muda mrefu nikifikiri juu ya picha yangu nzuri ya jana, na sikujua sehemu gani yake ni TW Hydrae na sehemu gani nimeitengeneza mimi.

Kuna hesabu ya kujikinga, na tangu siku ile siigusi kazi bila kuifanya. Tuseme nyota yako iko mara 100 juu ya kelele ya picha, una antena 23, na umeiangalia saa nzima. Chukua antena toa 3, zinabaki 20, kipeuo chake cha pili ni 4.5 hivi. Gawanya saa nzima kwa muda unaotaka kuuliza, tafuta kipeuo cha pili tena. Zidisha viwili hivyo, kisha gawanya zile 100 kwa jibu hilo. Ukiuliza kila dakika 5 unapata 6.5: kila jibu liko mara sita na nusu juu ya kelele, liamini. Kila dakika moja unapata karibu 3, hapo uko ukingoni. Kila sekunde 6 unapata 0.9, ambayo ni kelele inayojibu kelele. Hewa inakutaka uende haraka, na mwanga wa nyota unakuambia una nguvu kiasi gani ya kuifuata. Kama nyota ni hafifu, utakubali hewa fulani ibaki kwenye picha.

Nikaanza upya kabisa, siku hiyo bila haraka. Nilichagua antena ya kulinganishia iliyo katikati ya uwanja, isiyo na vipimo vilivyoharibika. Mzunguko wa kwanza niliuliza mara moja tu kwa kila mwangalio. Wa pili dakika chache. Wa tatu nikashuka karibu na pale hesabu iliponiambia nisipite. Kila mara, kabla ya kuigusa picha, nilichora majibu ya fezi na kuyakagua. Niligundua kipimo kimoja ambacho sasa nakitegemea kuliko vyote. Kila antena inapokea wimbi kwa njia mbili, la kulala na la kusimama, na vipokezi vyake ni viwili tofauti. Mvuke haujali wimbi limelala au limesimama, unayachelewesha yote mawili sawa. Lakini kelele ya kipokezi kimoja haijui kelele ya mwenzake. Kwa hiyo nikichora fezi za vipokezi viwili pamoja, nyekundu na buluu, na zikipanda na kushuka zimeshikana, hiyo ni hewa. Zikiachana kila moja na njia yake, nimeshaingia kwenye kelele, nirudi nyuma. Katika majibu ya sekunde 6 nyekundu na buluu zilikuwa zimetawanyika kama mtama uliomwagika. Katika majibu mapya zilitembea pamoja.

Picha ya mwisho haikuwa nzuri kama ile ya uongo. Bado kulikuwa na mawimbi mepesi pembeni. Lakini kelele ilikuwa imeshuka sana, katikati pamepanda, na doa lililovimba lilikuwa limejikusanya likawa dogo kuliko nilivyolijua.

Hilo la udogo ndilo lililookoa tasnifu yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika sura moja nikisema sahani ni pana na hafifu. Fezi zikiyumba wakati unajumlisha vipimo, vinakatana. Zikiyumba kwa wastani wa digrii 30, unabaki na asilimia 87 ya nguvu. Zikiyumba digrii 57, unabaki na asilimia 61. Na kwa kuwa jozi za mbali zinayumba zaidi, ndizo zinazopoteza zaidi, na jozi za mbali ndizo zinazobeba habari za vitu vidogo. Ukipoteza hizo, kitu kinaonekana kimetanda. Nilikuwa nimepima hewa ya Chile, nikaandika jina la nyota juu yake. Jumla ya mwanga, ambayo inategemea zaidi jozi za karibu, ilikuwa karibu ileile kabla na baada. Kilele ndicho kilichopanda. Sura hiyo niliifuta yote nikaiandika upya kwa siku nne.

Sikugusa ukubwa wa mawimbi, fezi tu. Watu husahihisha na ukubwa pia baada ya fezi kutulia, kwa muda mrefu zaidi wa kuuliza, lakini mwanga wa nyota yangu haukuniruhusu kwa uhakika ambao ningeutetea mbele ya majaji. Picha ya sekunde 6 niliiweka kwenye tasnifu, ukurasa uleule na ile ya kweli, na chini yake nyota ya kelele tupu. Majaji walikaa juu ya ukurasa huo kuliko mwingine wowote.

Sasa napakua data nyingine, za MeerKAT, ile yenye antena 64 kule Karoo, Afrika Kusini. Nimechagua gigahezi 1.4, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 21. Huko mvuke hauna nguvu kubwa, lakini kipimo kimoja cha ionosfia kinabadilisha njia kwa karibu sentimita 21 pia, yaani mzunguko mzima. Nilipomwambia yaya, aliuliza tu kama nimeshakula, kisha akavuta kiti. Jumamosi atakuja na rekodi za kipokezi chake za wiki nzima, masafa yote mawili, za mchana na za mangaribi. Nataka nizione elektroni zikitokota juu ya Lubumbashi kabla sijazitafuta juu ya Karoo.